Deni la Aliyelala

Kwa muda wa miaka 11 nilituhumiwa kwa jambo ambalo sikupata kulishuhudia hata mara moja. Mashtaka yalikuja asubuhi, wakati wa chai, na mshtaki alikuwa mke wangu. Alidai kwamba nakoroma. Hilo peke yake si neno, kwani nani hakoromi? Lakini alizidi kudai kwamba katikati ya kukoroma nanyamaza ghafla. Kwamba kifua changu kinapanda na kushuka lakini pumzi haiingii wala haitoki. Kwamba yeye huketi kitandani akahesabu, moja, mbili, tatu, na wakati mwingine hufika thelathini. Kisha ati nashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, naguta, nageuka upande, na mambo yanaanza upya. Nami kila aliposema nilicheka. Nilimwambia kwamba aliyehesabu hadi thelathini usiku wa manane huenda alikuwa akihesabu ndotoni.

Niseme mapema, ndugu msomaji, kwamba makala haya si ya tiba. Watu wa tiba wapo, na wanayajua yao. Nataka kuuliza swali ambalo limenikera tangu ule ugonjwa ulipopewa jina: je, mtu aliyelala anaweza kuwa na deni? Na kama analo, analipa nani, na analipa lini?

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Kila mtu anao usingizi wake, lakini hakuna anayeujua. Naweza kuijua njaa yangu, hasira yangu, hata uwongo wangu, bila kuambiwa na mtu. Usingizi wangu siwezi kuujua ila kwa kuambiwa. Theluthi moja ya umri wangu, au karibu yake, imepita mbele ya macho ya wengine: ya mama kwanza, kisha ya ndugu niliolala nao mkekani, kisha ya wenzangu wa bweni, kisha ya mke. Wao ndio wenye habari. Mimi mwenye mwili ndiye wa mwisho kupata khabari zake, na nikizipata, nazipata kwa mdomo wa shahidi mmoja ambaye mwenyewe alikuwa na usingizi. Basi si ajabu mtu akakanusha. Mshtakiwa hakuwapo.

Lakini kuna tofauti kati ya kukanusha na kucheka, na hiyo nitairudia.

Nilipimwa hatimaye Dar es Salaam, baada ya tukio nitakalolieleza. Walinifunga nyuzi kichwani na kifuani, wakanibana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu, wakaniambia nilale. Nilidhani sitapata hata lepe. Kumbe nililala, na asubuhi karatasi ikasema kwamba pumzi yangu ilikatika, au ilipungua sana, mara 41 kwa kila saa moja. Daktari, kijana mpole mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alinieleza kwamba kukatika kunakohesabiwa ni kule kunakofika sekunde 10 au zaidi; kwamba mara 5 kwa saa ndipo ugonjwa unapoanza kuitwa ugonjwa, na zikizidi 30 huitwa mkali. "Mzee," akaniambia, "wewe hujalala miaka mingi. Umekuwa ukizama na kuibuka."

Nilinyamaza. Yale yalikuwa maneno ya mke wangu, neno kwa neno, na yeye hakusomea udaktari.

Utaratibu wa ugonjwa wenyewe ni mwepesi kueleweka. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine, kwa sababu ya unene, au umbo la taya, au umri tu, kulegea huko huzidi, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikajifunga kama mfuko mtupu uliolowa. Kifua kinavuta, lakini hakuna kinachoingia. Hewa safi hupungua katika damu. Ubongo huhisi hatari, ukamwamsha mwenyewe kidogo tu, kiasi cha kukaza koo apate kuvuta, lakini si kiasi cha kukumbuka kwamba aliamka. Kisha hulala tena, na koo likalegea tena. Wazee wetu wengi waliopata hali hii huenda waliiita jinamizi, kwa kuwa wale wachache walioamka kabisa waliamka wakiwa kama wamekaliwa kifuani. Madaktari wameipa jina la Kiyunani, apnea, ambalo maana yake ni kutokuwa na pumzi.

Lugha yetu, kwa kweli, ilikwisha kulifahamu jambo hili. Kutokana na kupumua tumepata pumzi, na hapo hapo tumepata kupumzika. Anayepumzika, kwa asili ya neno, ni mtu aliyepata kuvuta pumzi yake. Tena tuna nafsi na tuna nafasi, maneno mawili tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yenye mzizi mmoja, na mzizi huo ni wa pumzi: mwenye nafasi ni mwenye mahali pa kupumulia. Niliandika mashairi ujanani, mengine yalichapwa, na maneno haya manne niliyachezesha vina mara nyingi bila kujua kwamba usiku, nyumbani kwangu, yalikuwa yakitengana.

Sasa nirudi kwenye swali. Mafundisho tuliyokulia nayo chuoni ni kwamba aliyelala haandikiwi mpaka aamke. Hukumu hii ni ya huruma, na akili inaikubali: vipi mtu abebeshwe asiloliona wala asilolikusudia? Hata hivyo mafakihi hawakuishia hapo. Wale wa madhehebu ya Hanafi walitoa mfano wa mtu aliyelala akageuka, akamlalia aliye pembeni yake, akamuua. Hakukusudia, hakujua, wala hakuwapo kwa akili. Hata hivyo, walisema, diya italipwa. Madhehebu hayo si ya wengi wetu hapa visiwani, lakini mfano wenyewe hauna madhehebu. Ni wa kila kitanda chenye watu wawili. Dhambi ni jambo moja na dhara ni jambo jingine. Kalamu inaweza kuinuliwa, na aliyelaliwa akawa amekufa vile vile.

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alikwenda mbali zaidi. Katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694, alidai kwamba kinachomfanya mtu awe ni yeye yule wa jana ni kumbukumbu na fahamu yake. Kwa hiyo, akasema, kama Socrates aliyelala hashiriki fahamu moja na Socrates aliye macho, basi hao ni nafsi mbili, na kumwadhibu aliye macho kwa mambo ya aliyelala ni sawa na kumwadhibu pacha kwa kosa la pacha mwenziwe kwa sababu tu wanafanana sura.

Hoja hii ilinifurahisha nilipoisoma mara ya kwanza, nami sikukawia kuipeleka mezani wakati wa chai. Nilimwambia mke wangu kwamba anayekoroma si mimi, ni pacha wangu, na kama ana malalamiko ampelekee yeye. Akanijibu: "Basi huyo pacha wako ndiye niliyeishi naye zaidi. Wewe hukai nyumbani."

Locke hakujibiwa vizuri zaidi ya hapo, nadhani. Lakini nimejaribu kutafuta jibu langu pia, na nimelipata pwani, si vitabuni. Mvuvi anarudi jioni, anaiacha ngalawa ufukoni, hafungi kamba, anakwenda zake kulala. Usiku maji yanajaa, ngalawa inaelea, inakwenda kuvunja mtumbwi wa jirani. Mvuvi hakuwapo. Alikuwa kitandani, hana habari. Nani atamwambia jirani kwamba hana mtu wa kumdai? Maji yalipojaa mvuvi alikuwa amelala, lakini kamba ilipolazwa mchangani bila kufungwa alikuwa macho, na kamba ilikuwa mkononi mwake. Aliyelala hajilazi, hulazwa na aliye macho. Ikiwa aliye macho amekwisha kuambiwa kwamba ngalawa yake huelea usiku, ameambiwa siku nyingi, na akacheka, basi pacha wa Locke hawezi kumfaa kitu.

Kwangu mimi maji yalijaa mchana. Nilikuwa nikimrudisha mjukuu wangu kutoka skuli, barabara ya Bububu, saa nane na nusu mchana, jua kali, gari haliendi kasi. Mtoto alikuwa akinisimulia habari ndefu ya mwenziwe aliyepoteza kiatu. Nakumbuka kiatu kimoja. Cha pili sikukisikia. Nilichosikia ni kokoto chini ya gari, na nilipofumbua macho tulikuwa nje ya lami, mbele yetu kuna meza ya muuza madafu, na muuza madafu mwenyewe ameruka pembeni amesimama na panga lake mkononi, ananitazama. Gari lilisimama hatua chache kabla ya meza. Hakuumia mtu. Mtoto, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 7, alininyamazia kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu: "Babu, ulikuwa unakoroma."

Huyo alikuwa shahidi wa pili. Kwa mashahidi wawili, kesi imekwisha.

Mashine niliyopewa haitibu ugonjwa. Inauzuia usiku ule tu unapoitumia. Ni sanduku dogo, halizidi mkate wa boflo kwa ukubwa, lenye feni ndani yake. Linavuta hewa ya chumbani, linaisukuma kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa iliyofungwa usoni, na ule msukumo, unaopimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20, unalizuia koo lisijifunge. Nililielewa jambo hili nilipokumbuka tanga. Tanga ni kitambaa tu, lenyewe halisimami. Upepo wa kusi ukiingia ndani linajaa, linakuwa na umbo. Koo langu ni tanga lililokosa upepo.

Aliyebuni njia hii ni daktari wa Sydney, Colin Sullivan, mwaka 1980, akaitangaza yeye na wenzake mwaka uliofuata. Kabla yake, mwenye ugonjwa mkali alitobolewa koo, akawekewa kijibomba cha kuzibwa mchana na kuzibuliwa usiku. Mgonjwa wa kwanza wa Sullivan alikuwa mtu ambaye hakutaka kutobolewa. Nikilalamika, humkumbuka huyo.

Na nililalamika sana. Niseme kweli: kilichonizuia mwanzo hakikuwa kero ya mwili, kilikuwa aibu. Neno barakoa lilikuwa limekwisha kuwa la vitabuni kabla ya mwaka 2020, ulimwengu ulipojifunika kwa ajili ya korona. Wazee walilijua kuwa kifuniko cha uso walichovaa mabibi wa Kiarabu hapa Unguja, cha kuwaficha na macho ya watu wa nje. Yangu mimi ilikuwa kinyume. Nje ya nyumba nilikuwa na uso wangu wote. Nikiingia chumbani, mbele ya mtu mmoja aliyenijua bila stara kwa miaka 38, ndipo nijifunike. Usiku wa kwanza nilipojitazama kwenye kioo cha kabati niliona mnyama mwenye mkonga. Nikazima taa kabla ya mke wangu hajaingia. Mtu hujidanganya kwamba uzee umemwondolea ubatili. Nilikuta bado ninao, tele.

Kisha zikaja kero zenyewe. Hewa ilivuja kwenye ndevu ikapiga mluzi, ikanipuliza machoni. Mikanda iliacha alama kwenye mashavu mpaka adhuhuri, na msikitini alfajiri watu wakaniuliza kama nimegombana. Kinywa kilikauka. Kuna chombo cha maji cha kutilia hewa unyevu, na maji yake yanatakiwa yawe yamekenekwa, kama marashi yanavyokenekwa, maana maji yetu ya mfereji yanaacha magadi. Mpira ulipopita chini ya chandarua uliacha upenyo, mbu wakaingia kwa raha zao, nikawa nimefungwa uso na miguu inaliwa. Mke wangu ndiye aliyekata kipande cha kitambaa akakishonea chandarua kidomo, kama mkono wa kanzu, mpira ukapita humo. Hakusema neno alipokuwa akishona.

Lakini kioja kikubwa kilikuwa kingine. Nilikuwa nikilala nimeivaa, nikiamka imelala pembeni, imevuliwa, mikanda imefunguliwa kwa ustadi, mashine imezimwa. Nani ameivua? Mke wangu aliapa si yeye. Mashine inayo kumbukumbu, na asubuhi kioo chake kidogo kiliandika: saa mbili na dakika kumi. Yaani saa mbili na dakika kumi baada ya kulala, mkono wangu mwenyewe uliinuka gizani, ukatafuta kifungo, ukafungua. Sikumbuki. Kwa wiki tatu mfululizo, nilichokubali kwa hiari yangu saa nne usiku kilikataliwa kwa mkono wangu saa sita. Hapo nilimwonea Locke huruma, nikaona kwamba hakuwa akifanya mzaha. Kweli kulikuwa na wawili katika ngozi ile moja, na yule wa usiku alikuwa hajashauriwa.

Dawa ya hilo ilitoka kwa muuguzi. Alinishauri nisigombane na aliyelala; nimzoeze aliye macho, naye atampelekea mwenziwe habari. Niivae mchana, saa moja kila siku, nimekaa, nafanya jambo ninalolipenda. Basi kila baada ya sala ya alasiri nilikaa ukumbini na mkonga wangu, nasoma au nasikiliza taarabu redioni. Siku ya kwanza mjukuu alikimbia. Siku ya tatu alitaka kuivaa yeye. Siku ya sita alikuwa akipita mbele yangu bila kunitazama, na nadhani siku hiyo ndiyo nami nilipoacha kujitazama. Nilinyoa ndevu za mashavuni, nikaacha za kidevuni tu. Nilibadilisha barakoa nikachukua ndogo ya pua. Mwezi wa pili kioo kiliandika saa sita na dakika arubaini, na asubuhi ile niliamka nikasikia jogoo, na kunguru, na mtu anafagia uani, vitu vitatu mbali mbali, kila kimoja na sauti yake. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi ina vitu vingi hivyo.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa kauli, aliniuliza barazani: "Na siku yako ikifika, hicho kibomba kitazuia?" Hoja hii inaheshimiwa sana kwetu, na haifai kupuuzwa. Ajali haina kinga. Nami nitamwongezea silaha rafiki yangu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo pamoja na ugonjwa huu. Waliopewa mashine hawakupungukiwa na mashambulio ya moyo wala kiharusi kuliko wasiopewa. Ni kweli kwamba kwa wastani waliitumia zaidi kidogo ya saa tatu tu kwa usiku, na wapo wanaosema hapo ndipo penye kasoro. Lakini matokeo ndiyo hayo. Walichopata walioitumia ni kupungua kwa kukoroma na usingizi wa mchana, na nafsi zilizochangamka zaidi.

Basi na tukubali kwamba mashine yangu hainiahidi hata siku moja ya ziada. Hapo ndipo hoja ya rafiki yangu inapokosa pa kushika. Yeye anazungumzia siku yangu. Na muuza madafu je? Mtoto aliyekuwa akisimulia habari za kiatu? Mwanamke anayehesabu hadi thelathini? Ikiwa sivai kwa ajili ya kuongeza umri, navaa kwa ajili ya nani? Mtu akisema mwili ni wake na atakufa kwa namna aipendayo, ninamsikiliza, madhali analala peke yake na haendeshi gari. Wa namna hiyo ni wachache katika visiwa hivi.

Deni hili, hata hivyo, lina mlango mwingine, na hapo sijapata jibu. Mashine ilinunuliwa na mwanangu aliyeko Muscat, kwa fedha ambazo mwalimu mstaafu angeziweka miezi mingi bila kula. Jirani yangu wa nyuma ni mvuvi. Dirisha lake na langu yanatazamana, na tangu masikio yangu yazibuke nimemsikia: anakoroma, ananyamaza, anaguta. Namhesabia. Nimekwisha kumwambia, naye alicheka kicheko kile kile changu. Na kama asingecheka? Ningemwambia aende wapi, kwa nauli gani, akanunue kwa fedha gani? Nimempa ushauri wa bure: alale ubavu, asilale chali, apunguze mwili. Ni ushauri mzuri, wala si wa uwongo. Lakini mtu anayepumua kwa mashine akimshauri asiye nayo alale ubavu, maneno hayo yana ladha mbaya mdomoni.

Tena kuna umeme. Wasomaji wa huku hawahitaji kukumbushwa mwaka 2008, kisiwa kizima cha Unguja kilipokaa gizani takriban mwezi, wala ile Desemba 2009 tuliyoingia kizani tukatoka Machi 2010. Wakati huo giza lilikuwa kero ya friji na pampu. Tangu 2013 tunao waya mpya wa megawati 100 uliolazwa chini ya bahari, na hali si ile tena. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika usiku, pumzi yangu inakatika nao. Sikupata kufikiri kwamba kati yangu na Bara kutakuwa na waya unaopita chini ya mkondo, na koo langu liko mwisho wake.

Ulikatika hivyo usiku mmoja wa masika, kama saa saba. Niliamshwa na kimya cha feni. Nikavua barakoa, nikafunua chandarua, nikakuta mke wangu ameketi upande wake, macho wazi.

"Umeamshwa na joto?" nikamuuliza.

"Sikulala."

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mwaka mzima. Tangu mashine ije, nyumba imekuwa kimya, na kimya ndicho kinachomwamsha. Miaka 11 kimya kilikuwa na maana moja tu: nimezama. Masikio yake hayajaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Huamka, hunisikiliza, husikia ile sauti ndogo ya hewa, hulala; baada ya saa huamka tena. Mimi nimepona usingizi wangu, wake bado uko kazini.

Nilikaa naye gizani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jirani. Nikamwambia, "Nataka radhi yako."

"Radhi ya nini? Ulikuwa umelala."

Ile ile hukumu ya chuoni: kalamu imeinuliwa. Aliitoa bila kufikiri, kwa wema, na ningeweza kuipokea nikanyamaza. Nikamwambia: "Si kwa kukoroma. Kwa kucheka. Nilipokuwa nikicheka nilikuwa macho."

Hakujibu mara moja. Nilidhani hajasikia, kwa mvua.

"Hilo," akasema, "ndilo."

Hakuongeza, wala hakusema kama ameridhia. Umeme ulirudi karibu na saa tisa. Taa ya ukumbini tuliyoisahau ikawaka, feni ikaanza kuzunguka. Akanyoosha mkono akanipa barakoa, akanisubiri nifunge mikanda, kisha akageukia ukutani.